Kuboresha Kompyuta ya Mezani kwa Gharama Nafuu

Vifaa vingi vya kompyuta ya mezani hubadilishwa kimoja kimoja. Ndiyo maana Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyostaafishwa ofisini bado hufaa nyumbani. Fedha huokolewa kwa kununua kile tu kinachoichelewesha mashine. Kwenye Windows, kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua Task Manager, inayoonyesha kilichoelemewa: diski, RAM au prosesa.

Mara nyingi chanzo ni diski kuu ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Husoma megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, na kichwa chake husogea huku na huku kutafuta kila faili. SSD ya SATA haina kinachozunguka, na hufikia takriban megabaiti 550. Ya gigabaiti 256 hutosha kubeba Windows na programu za kawaida. Diski ya zamani hubaki kuhifadhi picha na video.

RAM ya gigabaiti 4 hujaa upesi kurasa za intaneti zikiwa nyingi. Gigabaiti 8 hutosha kazi za ofisi na masomo. Anayehariri video huhitaji 16 au zaidi. Aina lazima ilingane na ubao mama: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, kwa sababu pengo lililokatwa chini ya kila moja limekaa mahali tofauti.

Prosesa inahitaji uangalifu zaidi. Core i7 ya kizazi cha 8 hutumia soketi iitwayo LGA 1151 kama ya kizazi cha 6, lakini haikukusudiwa kufanya kazi kwenye ubao wa kizazi hicho. Kubadilisha ubao mama nako huweza kulazimisha kununua RAM mpya.

Kwa kadi ya michoro, swali la kwanza ni umeme. Nafasi ya PCI Express hutoa hadi wati 75. GeForce GT 1030 hutumia takriban wati 30, hivyo haihitaji waya wa ziada. Kadi kubwa huenda ikadai pawa saplai mpya, na za OptiPlex nyingi zina umbo na plagi zake zenyewe.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hudai Core ya kizazi cha 8 au baadaye. Kwa mashine ya kizazi cha 4, SSD na RAM iliyotumika zinatosha. Fedha zaidi ya hapo ziwekwe kwenye kompyuta nyingine.