Je, Wajua? Runinga Iliyovunjika Hulipwa kwa Kilo

Nchini Marekani, kampuni inayohamisha vyombo vya nyumbani kutoka jimbo moja hadi jingine kwa kawaida hutoza kwa uzito na umbali, si kwa idadi ya vyumba. Lori hupimwa kwenye mizani likiwa tupu, kisha likishapakiwa. Tofauti ndiyo mzigo wako. Kumbe yale makasha ya vitabu visivyosomwa nayo yanalipiwa!

Makadirio ya gharama yasiyoifunga kampuni yanaweza kupanda, ila sheria ya shirikisho inasema siku ya kupokea mizigo usidaiwe zaidi ya asilimia 110 ya kiasi kilichokadiriwa kwa huduma zilizoorodheshwa. Salio husubiri angalau siku 30.

Penye maumivu hasa ni kwenye fidia. Ile isiyo na malipo ya ziada ni senti 60 tu kwa kila ratili. Runinga ya kilo 20 ikipasuka, utapewa kama dola 26, hata kama uliinunua kwa 800. Fidia hiyo haikuhusu mpaka utie saini kuikataa ile ya thamani kamili, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kushika kalamu.