Mtazamo wa Wanafunzi wa Ustawi wa Jamii Juu ya Kazi ya Kuwahudumia Wazee

Wanafunzi wengi wa ustawi wa jamii, wakiulizwa wangependa kumhudumia nani, hutaja watoto, vijana au familia. Mzee hutajwa mwisho. Lakini wanafunzi hao hao humwamkia mzee shikamoo kila siku. Je, mgongano huu unatokana na nini?

Unatokana na fikra mbili potofu. Kwanza, kwamba mtoto ni rasilimali ya taifa na mzee ni mzigo. Hii ni kasumba ya kibepari, ya kumpima binadamu kwa faida inayotazamiwa kutoka kwake. Katika makala yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mzee aliyeonekana kutunzwa bila kazi katika jamii ya jadi alikuwa amefanya kazi kwa bidii ujanani. Kwa hiyo matunzo yake ni haki, si sadaka.

Pili, kwamba mzee ana ukoo wake, hivyo hahitaji mtaalamu. Hali halisi inakanusha jambo hili. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI watambuliwe mkoani Kagera mwaka 1983, mabibi wengi wamelea wajukuu yatima. Anayetaka kumsaidia mtoto wa namna hiyo hana budi kumsaidia bibi yake. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi yalitokana na moshi wa jikoni. Wengine walituhumiwa na jamaa zao wenyewe. Ukoo peke yake ungewalindaje?

Mtazamo huo hauondolewi kwa mawaidha, bali kwa kuunganisha nadharia na vitendo. Lakini mwanafunzi akipelekwa kufanya mazoezi katika makazi ya wazee wasiojiweza tu, atarudi akiamini kwamba uzee ni ugonjwa. Hapana budi akutane pia na mzee anayelima, anayeuza sokoni na anayesuluhisha migogoro kijijini, tena kwa muda wa kutosha kujua historia yake na kujifunza kwake.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilihesabu uzee kuanzia miaka 60. Afisa anayeanza kazi akiwa na miaka 25 amebakiza miaka 35 kuufikia. Ndugu wakufunzi na wanafunzi, huduma tunayoijenga au kuipuuza sasa ndiyo tutakayoikuta.