Mgeni wa Kiti cha Mbele

Sisi tunaohudumu Busia na Malaba tumezoea wageni: madereva wa malori, wachuuzi, wabadilishaji fedha. Lakini yuko mgeni mwingine ambaye huja kanisani uchaguzi unapokaribia. Hufika ibada imekwisha kuanza, huketi kiti cha mbele, na kabla ya baraka huombwa awasalimu Wakristo. Salamu huishia kwenye mabati ya paa, na mabati huishia kwenye kura.

Kwa nini aitafute nyumba ya Mungu? Hapo watu wamekusanyika tayari bila yeye kutoa senti, na tena wanaliamini neno linalosemwa mahali pale. Siku za chama kimoja ilikuwapo sababu kubwa zaidi. Hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha serikali, ibada haikuhitaji. Mimbari ikawa karibu mahali pekee pa kusema neno mbele ya watu wengi, na wenye mamlaka walilijua hilo vizuri kama wachungaji.

KANU ilipoamua mwaka 1986 kwamba watu wapige kura kwa mlolongo, wakijipanga nyuma ya mgombea au wakala wake, Baraza la Makanisa lilipinga. Mchungaji akisimama nyuma ya mmoja, Jumapili atawapaje Meza ya Bwana wale waliosimama nyuma ya mwingine? Baadaye wachungaji waliondolewa foleni. Mkulima na mama muuza samaki wakaachwa humo humo, jambo ambalo halikutosha hata kidogo.

Kisha ikaja Agosti 1990. Waziri wa Kazi, Peter Okondo, mbunge kutoka wilaya hii hii ya Busia, aliwaonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Eldoret na Askofu Henry Okullu kwamba wakikanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke hai. Tarehe 14 Askofu Muge alikuja. Aliomba pamoja na watu, akaanza safari ya kurudi, na huko Kipkaren gari lake likagongana na lori la maziwa. Akafa. Waziri alijiuzulu siku chache baadaye, na dereva wa lori akafungwa, lakini wengi hawajaridhika mpaka leo.

Fungueni Amosi sura ya saba. Amazia kuhani hakumwambia Amosi kwamba unabii wake ni wa uongo. Alimfukuza Betheli kwa kuwa pale palikuwa pahali pa mfalme, akale mkate wake kwingine. Mwenye kuitumia dini huanza hivyo: huhesabu madhabahu kuwa yake. Askofu Muge hakuja Busia kuomba kura, wala hakuleta bahasha.

Tusiwanyoshee kidole wanasiasa peke yao. Ng'ambo ya mto Malaba, vyama vilipoanza, watu walikifanyia mzaha chama cha DP kwa kukiita Dini ya Papa, na UPC ikahesabiwa kuwa ya Waprotestanti. Wengi walicheka. Lakini kicheko hicho kiliwafundisha watu kuulizana ubatizo kabla ya kuulizana sera, na makanisa yenyewe yalikubali kuhesabiwa hivyo.

Tarehe 12 Septemba 2021, Butere, si mbali na hapa, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kusema ndani ya kanisa. Wakubwa wa nchi walikuwapo, wakaketi kimya kama Wakristo wengine.

Basi kwetu mgeni hupokewa, hupewa kitabu cha nyimbo, na sadaka yake huitia kapuni pamoja na shilingi kumi ya bibi aliye nyuma yake. Wengine hawarudi tena. Wazee wa kanisa hutuuliza paa litaezekwa lini, maana mvua za Aprili zinakaribia na upande wa wanakwaya unavuja.