Sayansi ya Sekondari Mtandaoni na Maji ya Delta ya Rufiji

Nyamisati, kijiji cha wilaya ya Kibiti kilicho ukingoni mwa delta ya Rufiji, ambacho wasafiri wengi hukifahamu kwa gati ya kuvukia kwenda Kilindoni, Mafia, ni mahali panapofaa kupimia madai yanayotolewa siku hizi kuhusu zana za mtandaoni za kufundishia sayansi, yaani maandishi, video, mazoezi na majaribio ya kuigiza yanayofunguliwa kwa simu, kishikwambi au kompyuta. Inadaiwa kwamba zana hizo zitaziba pengo la maabara na la walimu. Dai hilo limevuka mpaka, kwa kuwa kazi ambayo mtandao unaifanya vizuri zaidi ni kumwonyesha mwanafunzi kile ambacho jicho haliwezi kukiona, na kumfundisha kukisoma kisayansi kile ambacho amekiona tangu utotoni.

Zana zenyewe si chache. Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, hutoa maelezo na maswali yanayofuata mtaala wa Tanzania, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni PhET, iliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. PhET ni mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza: mwanafunzi huunganisha betri, waya na balbu kwenye kioo, akaziona elektroni zikitembea ndani ya waya, kisha akaongeza ukinzani na kuona mwendo wao ukipungua. Hakuna maabara ya shule, hata iliyojaa vifaa, inayoweza kuionyesha elektroni. Hata hivyo, waya wa kwenye kioo haulegei wala betri yake haiishi ghafla, na mwanafunzi aliyezoea jaribio lisilokosea hupata tabu anapokabidhiwa vifaa halisi siku ya mtihani wa vitendo.

Gharama ya bando na mawimbi hafifu ya simu ni kikwazo cha kweli, lakini kinapungua pale ambapo zana inaweza kupakuliwa mara moja na kutumika bila intaneti. Majaribio mengi ya PhET huhifadhiwa kama faili moja moja. Kiwix hubeba Wikipedia nzima ndani ya kadi ya kumbukumbu. Na Kolibri, iliyotokana na mradi wa mwaka 2012 wa kuyatoa masomo ya Khan Academy nje ya mtandao, huigeuza kompyuta moja ya shule kuwa ghala linalosomwa na vifaa vingine vilivyo karibu. Walimu wa Tanzania walipewa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, na hivyo hatua ya kwanza haihitaji kusubiri mradi mpya.

Baada ya kioo, delta yenyewe ndiyo maabara. Kanuni ya Archimedes husema kwamba chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wa chombo hicho. Meta moja ya ujazo ya maji baridi ina uzani wa kilo 1,000 hivi, ilhali ya maji ya bahari hufikia kilo 1,025. Kwa hiyo boti inayosukuma meta za ujazo 100 za maji ya mto wakati wa masika itasukuma takriban 97.6 tu ifikapo bahari kuu, na itaelea juu kidogo zaidi ingawa shehena ni ile ile. Mikoko nayo ni somo la osmosisi, yaani kupita kwa maji katika utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi: mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini, mchu huitoa kupitia majani, na mwanafunzi anayelamba jani la mchu huupata ushahidi bila kununua kemikali yoyote.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba Nyamisati yenyewe imo katika maandishi ya sayansi. Tangu katikati ya miaka ya 1980 kijiji hicho kilikuwa kituo cha utafiti wa malaria uliofanywa na Watanzania pamoja na watafiti wa Sweden, miongoni mwao Ingegerd Rooth na Anna Färnert. Makala iliyochapishwa mwaka 2007 ilionyesha kwamba watu wasio na dalili waliobeba aina kadhaa za vimelea vya malaria kwa wakati mmoja walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kuugua baadaye, tokeo linalomlazimisha msomaji kutofautisha kuambukizwa na kuugua, na ambalo linagusa moja kwa moja mada ya kinga ya mwili. Makala za namna hiyo zimeandikwa kwa ajili ya wataalamu, na mwanafunzi hawezi kuachwa nazo peke yake. Mwalimu wa baiolojia mwenye kishikwambi anaweza kuchukua jedwali moja, akaondoa hesabu za kitakwimu zisizohitajika, akawauliza wanafunzi ni kundi gani lililougua zaidi na kwa nini, kabla ya kuwasomea hitimisho la watafiti.