Kilichokataa Kuumuka

Msomaji wa Tanga anauliza: kiwanda kikishafungwa, kuta zikabomolewa na nyasi zikaota, asbesto itatafutwa wapi? Jinsi inavyodhuru mapafu nimekwisha kuandika, leo mniwie radhi niruke. Twende Libby, mji mdogo wa Montana, Marekani.

Mgodi wa Libby, uliofungwa mwaka 1990, haukuchimba asbesto. Ulichimba vemikulaiti, jamaa wa mika, na kwangu hapo ndipo penye utamu. Fikiria chapati ya kusukuma. Mpishi hupaka mafuta, akaikunja, akaizungusha kama konokono, akaisukuma tena, hadi ikawa tabaka juu ya tabaka. Vemikulaiti ndivyo ilivyo, ila kati ya tabaka zake mna maji badala ya mafuta. Itie ghafla kwenye tanuru la nyuzi joto 900 hivi: maji yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, unazisukuma tabaka, na kijiwe kinafunguka kama kodiani ya taarabu, mara 8 ya unene wake au zaidi. Siri ni hiyo ghafla. Ukipasha polepole, maji hutoroka kimyakimya na huambulii kitu; ni chapati iliyowekwa kwenye kikaango baridi, inakauka kama gome. Vipande vingine hujinyonganyonga kama minyoo, na Kilatini cha minyoo ndicho kilichozaa jina lake.

Tendo hilo tuliiteje? Mwenzangu anataka "kufura". Nakataa: kinachofura ni mguu wenye jipu. "Kupasuka" tuwaachie wauza bisi. Nashika "kuumuka", neno la unga wenye hamira, maana nguvu inatoka ndani.

Mawe ya Libby mengi yaliumuliwa mbali. Kusafirisha vemikulaiti iliyokwisha kuumuka ni kusafirisha hewa, kwa hiyo ilipakiwa ghafi kwenye treni na kupelekwa sehemu zaidi ya 200 nchini humo. Ndani ya mawe hayohayo mlikuwa na asbesto, nayo haiumuki. Baada ya tanuru, vipande vyepesi vilitengwa vikauzwa. Vizito vikabaki, kama punje za bisi zilizogoma chini ya sufuria. Mabaki hayo ndiyo yaliyobeba nyuzi za asbesto. Huko Minneapolis kiwanda kiliyarundika nje, majirani wakaruhusiwa kujichotea bure. Yakatandazwa kwenye njia za magari na bustani, na watoto wakalifanya lundo kilima cha kuchezea.

Gazeti moja la Seattle lilipofichua habari za asbesto ya Libby mwaka 1999, kazi ya wachunguzi ikawa nusu maabara, nusu upelelezi. Walifukua ankara za mizigo za kampuni kujua kila behewa lilishushwa wapi, ndipo wakafuata mabaki hadi nyuani mwa watu. Udongo huchotwa, ukapimwa kwa hadubini ya mwanga, na inapobidi kwa ile ya elektroni, kwani nyuzi nyembamba sana huikwepa ya kwanza. Sampuli safi moja haisafishi kiwanja kizima, ila hilo ni la siku nyingine.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla hujachota udongo pale palipokuwa na lango, mtafute mzee aliyekuwa akisukuma toroli la kiwanda, umuulize alikuwa anamwaga wapi, na nani alikuja kuomba kifusi cha kujengea.