Nzi wa mchanga hukata kwanza, ndipo anywe

Mvua ikinyesha Mwakitolyo, wilayani Shinyanga, maduara yaliyoachwa, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, hujaa maji, na mbu aina ya anofelesi hawachelewi kutaga humo. Ndiyo maana homa ikimpata mchimbaji, wenzake kambini huwa wamekwisha kuipa jina: malaria. Mara nyingi hawakosei. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa asilimia 17.3 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa katika mkoa jirani wa Geita, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7.3. Lakini iko homa nyingine inayojificha nyuma ya hiyo, na anayeieneza ni mdudu mdogo kuliko mbu, tena asiyelia masikioni.

Mdudu huyo, nzi wa mchanga, ana urefu wa milimita mbili au tatu, mwili umejaa vinyweleo, na akitua husimamisha mabawa yake juu. Kuruka kwake ni kwa kurukaruka, umbali mfupi mfupi. Dume hana haja na damu; maji matamu ya mimea yanamtosha. Jike naye huyanywa, ila mayai yake hayakomai mpaka apate damu.

Mbu hupenyeza mrija mwembamba hadi ndani ya mshipa, akafyonza. Nzi wa mchanga mdomo wake ni mfupi, haufiki huko. Taya zake zina meno kama msumeno: anakata ngozi, anachana vishipa vya juu juu, damu inatuama kwenye kijeraha, naye anainywa hapo. Wakati huohuo anatema mate yanayotanua mishipa na kuzuia damu isigande. Mate hayo hupumbaza pia kinga ya mwili pale alipouma, jambo linalomfaa sana kimelea cha leishmania.

Kimelea hicho, kilichopewa jina la daktari Mskoti William Leishman, kina ujanja wake. Kikizaliana tumboni mwa nzi hutoa ute mzito unaoziba njia ya chakula. Nzi anauma, damu haipiti vizuri, anatapika sehemu ya ute pamoja na vimelea ndani ya jeraha, kisha anajaribu tena, pengine kwa mtu mwingine. Kadiri anavyokosa kushiba ndivyo anavyoambukiza wengi.

Ugonjwa mbaya kuliko yote anayoyaeneza kwa kimelea hicho ni kala-azar. Mzigo wake mkubwa Afrika Mashariki uko Sudan, Sudan Kusini, Ethiopia, Somalia, Kenya na Uganda. Tanzania haimo katika orodha hiyo. Sasa mchimbaji wa Mwakitolyo unamhusu nini? Unamhusu kwa sababu dhahabu huhamisha watu. Pokot Magharibi nchini Kenya na Amudat ng'ambo ya mpaka, Uganda, ni nchi ya wachimbaji wadogo na pia ni nchi ya kala-azar; hospitali ya Amudat huwatibu Wapokot wa pande zote mbili. Vita navyo huhamisha watu: mwanzoni mwa miaka ya 1940 ugonjwa huo uliwapata askari wa King's African Rifles waliokuwa kaskazini mwa Ziwa Turkana, na miaka ya 1950 ukalipuka Kitui.

Nzi anayeueneza Kenya hujificha mchana ndani ya vichuguu. Usukumani vichuguu viko kila upande, lakini kichuguu peke yake hakimwambukizi mtu: lazima awepo nzi wa aina hiyo, na awepo mgonjwa wa kumuuma.

Dalili za kala-azar ni homa inayozidi wiki mbili, kukonda, upungufu wa damu na bandama kuvimba hadi tumbo kujaa. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna kitu na homa ikaendelea, mweleze daktari machimbo yote uliyopitia. Chandarua kisicho na dawa hakitoshi, maana nzi huyu hupenya matundu yake. Chenye dawa ndicho kinachosaidia. Asiyetibiwa kala-azar hufa, zaidi ya 95 katika kila wagonjwa 100. Tiba iliyozoeleka kwenye ukanda huu ni dawa mbili za sindano kila siku, kwa siku 17, na kwa siku zote hizo duarani hakuendeki.