Daraja Likienda, Nyanya Zinaoza



Masika moja, daraja la magogo kwenye kata ninayohudumia lilisombwa. Kijana mmoja alikuwa ameshapakia matenga 80 ya nyanya. Siku ya tatu zikaanza kutoa maji, akamwaga zote. Shamba alilihudumia vizuri, kilichomwangusha ni daraja.

Tuelewane kidogo. Lori likipita juu ya gogo, gogo linapinda: upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Jiwe ukilibana ni gumu sana, ila ukilivuta linakatika. Ndiyo maana mafundi hupanga mawe kwa umbo la upinde, juu ya fremu ya mbao. Fremu ikitolewa, upinde unajishikilia wenyewe. Uzito wa lori unayabananisha mawe, kisha unashuka pembeni hadi kwenye misingi. TARURA wamejenga madaraja ya mawe Kigoma na kwingineko, kwa gharama ndogo kuliko ya zege na nondo.

Adui mkubwa sasa ni maji. Yakichimba chini ya msingi, miguu ya upinde inaachana na daraja linashuka. Na sisi tunayasaidia: tunachota mchanga hapohapo, tunalima hadi ukingoni, wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka tuache mita 60 kutoka mtoni.

Kwa hiyo kabla ya mvua kuanza, jikusanyeni mtoe magogo na takataka zilizoziba njia ya maji. Mkiona msingi umeanza kuliwa, mwambieni mtendaji mapema. Nyanya hazisubiri!